Kifuniko chekundu: kisa cha bomba la paka na insulini ya Bi Mkubwa

Sikukuu nne, yaani siku ya nne ya Idi, baada ya adhuhuri, nilifungua famasi nikijua nitapata wateja wa tumbo tu, waliokula biriani siku tatu mfululizo. Wa kwanza kuingia alikuwa dada mmoja wa maghorofa ya Michenzani, hapa Unguja, ninayemjua miaka mingi. Hakuja kununua, alikuja kushitaki. Alitoa chupa ya insulini ndani ya kikopo cha kashata, akaiweka juu ya kaunta.

"Daktari, hii dawa uliyoniuzia safari hii kali. Imetaka kumuua mama."

Mimi si daktari, ni mfamasia, lakini kusahihisha neno hilo niliacha zamani. Kisa hiki naandika kwa ridhaa yake na ya mama yake, bila ya majina, na bila ya kujificha, kwa sababu katika mnyororo wa makosa nitakaoueleza pete ya kwanza niliifua mimi mwenyewe, kwa maneno matatu niliyoyasema bila ya kufikiri.

Bi Mkubwa, mama wa dada huyo, ana miaka 68. Sukari anayo kwa miaka 19, na sita ya mwisho ni ya insulini, ile ya mchanganyiko wa 30 kwa 70, ya haraka na ya polepole: yuniti 24 asubuhi, yuniti 16 jioni, nusu saa kabla ya kula. Macho yake yamefifia, hivyo anayevuta dawa na kumchoma ni binti. Huyu si mtu wa mchezo. Ana daftari la skuli lenye vipimo vya kila siku, anakunja ngozi ya tumbo vizuri, anabadilisha mahali pa kuchoma ili nyama isifanye uvimbe. Ningelikuwa na wateja kumi kama yeye ningelilala vizuri zaidi.

Sikukuu pili, saa moja ya jioni, alimchoma zile 16 kama kawaida. Bi Mkubwa alikula kidogo, vipande viwili vya mkate wa ajemi na mchuzi, kwani mchana kutwa alikuwa akipokea wageni na kuonja hiki na kile. Saa tano usiku alianza kutoka jasho. Joto, wakasema, wakamfungulia dirisha. Saa nane wajukuu waliamka kwa sauti yake: anazungumza na marehemu dada yake, anamuuliza kama chungu kimeshapakuliwa. Mmoja alisema bibi kapandisha, mwengine akaanza kusoma Yasin. Kwa bahati binti ndiye aliyekumbuka mashine ya sukari. Ilisoma 1.7.

Kwa asiyezoea namba hizi: chini ya 3.9 tunasema sukari imeshuka, chini ya 3.0 ni hatari, na 1.7 ni mtu ambaye ubongo wake hauna kuni. Anaweza kucheka, kutukana, kulia, kuzungumza na wafu, kutetemeka viungo vyote, kisha akazima. Kijana mmoja alikuja mbio na chupa ya soda ili ammiminie mdomoni. Jirani wa chini, muuguzi mstaafu, aliyepanda kwa kusikia vishindo, aliukamata mkono wake. Alifanya sawa. Aliye macho na anayemeza hupewa karibu gramu 15 za sukari, yaani vijiko vinne vidogo kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, halafu husubiriwa dakika 15 na kupimwa tena. Aliyekwisha kupotea hatiwi kitu mdomoni, maana kitaingia mapafuni. Hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali. Wakamteremsha ngazi zote akiwa amekaa kwenye kiti, vijana wanne, mmoja kila mguu wa kiti. Kule akatiwa maji ya sukari kwenye mshipa, akazinduka, akauliza kwa nini yuko nje bila ya kanga yake ya kichwani.

Kufika alfajiri sukari ikashuka tena. Nilipoelezwa hivyo nilinyanyua kichwa. Dozi iliyozidi kidogo mtu akatiwa dripu huwa imekwisha, lakini insulini ya mchanganyiko hufikia kilele baina ya saa ya pili na ya nane baada ya kuchomwa, na mkia wake unaweza kufika saa 24. Ikiwa imeingia nyingi kwelikweli, sukari unayoitia leo inaliwa tena baada ya muda. Walimweka mpaka jioni ya sikukuu tatu. Waliulizwa wamempa kiasi gani. Wakajibu kumi na sita, na walikuwa wakisema kweli kama wanavyoijua. Ikaandikwa kwamba hakula vya kutosha, dozi ya jioni ikapunguzwa kuwa 10, wakarudi nyumbani.

Usiku huo, kwa hizo 10, akaamka na 3.1.

"Umeona?" dada akaniambia. "Nimepunguza na bado. Chupa hii niliifungua Alkhamisi. Ina kasoro."

Nitaeleza nilivyofikiri, kwa sababu nilikaribia kumpoteza. Kwanza nilishika chupa. Tarehe haijapita, mpira haujatoboka ovyo, dawa imechanganyika vizuri ilipozungushwa viganjani, haina mabonge. Kisha nikakumbuka jambo ambalo mtu wa dawa hapaswi kulisahau hata dakika moja: insulini ikiharibika hupungua nguvu. Ikipigwa na jua, ikiganda kwenye friza, ikikaa miezi mezani, inakufa. Haigeuki kuwa kali. Wale wa umri wangu hapa Unguja tulilisomea somo hilo gizani, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima baada ya laini yetu ya kutoka Bara kuharibika, tukawa tunahifadhi chupa kwenye vyungu vya udongo vilivyozungushiwa mchanga wa majimaji. Tulikuwa tukiona sukari za watu zinapanda, wala si kushuka. Chupa ya dada ilikuwa haina hatia.

Nikaenda kwenye figo. Mtu mwenye sukari miaka 19 figo zake zinaweza kuanza kuchoka, na figo zilizochoka hazisafishi insulini kwa haraka, hivyo dozi ya zamani inakuwa nyingi bila ya mtu kuizidisha. Ni fikra nzuri, na nilishaanza kuandika kwenye kikaratasi kipimo cha kwenda kufanya. Huku naandika, dada akasema kwa sauti ya mtu anayekaribia kuondoka:

"Na nipe mabomba kumi ya sindano za sukari. Yaliniishia sikukuu pili asubuhi, maduka yote yamefungwa, ikabidi nitumie ya Pamba."

"Pamba nani?"

"Paka wetu."

Nikaweka kalamu.

Nikamwomba aniletee moja. Michenzani si mbali. Alirudi na mfuko wenye mabomba manane yaliyofungwa kila moja kwenye karatasi yake, mapya kabisa, membamba, sindano nyembamba, sawa na ninayouza mimi kwa macho ya mtu yeyote. Tofauti ilikuwa kifuniko cha sindano. Yangu yana kifuniko cha rangi ya chungwa. Haya yalikuwa na kifuniko chekundu, na ubavuni, kwa herufi za kuhitaji miwani, yameandikwa U-40.

Sikumweleza kwa maneno. Nilichukua bomba moja jekundu na moja la chungwa, yote ya mili (mililita) moja, nikavuta maji mpaka alama ya 16 kwenye kila moja, nikayamimina kwenye visosi viwili vya kahawa. Kwenye kisosi kimoja tone. Kwenye cha pili kijidimbwi. Dada aliangalia, akaweka mkono mdomoni.

Hesabu yake si ngumu. Insulini ya Bi Mkubwa ina yuniti 100 ndani ya kila mili moja, na bomba la chungwa limetengenezwa kwa ajili ya dawa hiyo: mili moja imegawiwa mara 100, hivyo alama ya 16 ni mili 0.16, na ndani yake zimo yuniti 16. Bomba jekundu limetengenezwa kwa ajili ya insulini nyepesi zaidi, yenye yuniti 40 kwa mili. Mili yake moja imegawiwa mara 40 tu, kwa hiyo alama ya 16 ni mili 0.4. Ukiivuta dawa ya 100 kwa bomba la 40, mili 0.4 zinabeba yuniti 40. Bi Mkubwa alichomwa yuniti 40 badala ya 16, mara mbili na nusu. Na zile 10 za "kupunguza" zilikuwa 25, bado zaidi ya dozi yake ya kawaida. Kila mtu katika kisa hiki alipunguza na kuongeza kwa uangalifu, kwa rula isiyokuwa yake.

Alama kwenye bomba la insulini si kipimo cha ujazo, na kwa yenyewe si kipimo cha dawa. Inakuwa kipimo cha dawa siku ile tu bomba linapokutana na chupa lililotengenezewa. Mabomba mengine tunayouza, ya mili mbili, tano na kumi, yamepimwa kwa mili, na mili ni mili popote, kwa mtoto au kwa ng'ombe. Ndiyo maana anayekuja kutaka bomba la kumnywesha mtoto dawa namuuliza mdogo anapewa mili ngapi, nikampa bomba dogo kabisa linalotosha kiasi hicho, bila ya sindano, kwani mili mbili ndani ya bomba la kumi unakisia tu. La insulini limeandikwa yuniti, na watu huzichukua yuniti kama mili ya aina nyengine.

Hapa pananiuma kidogo. Dada huyu alijua hatari moja barabara. Aliniambia mwenyewe: "Sikutumia bomba alilochomwa paka, wallahi. Nilifungua jipya." Na kweli. Katika nyumba ile haijawahi kutokea sindano ya mnyama ikaingia kwa mtu. Watu wetu wamefundishwa tangu miaka ya ukimwi kwamba sindano moja mwili mmoja, na wameelewa. Alilifungua bomba jipya, akalikagua, akaona pakiti haijatoboka, akatulia. Uangalifu wake wote ulikuwa umeelekea kwenye usafi, na usafi ukamhakikishia kwamba mambo yako sawa. Hatari ilikuwa imesimama upande wa pili, safi kabisa, ndani ya karatasi yake.

Sasa pete ya kwanza.

Pamba aliingia nyumba ile miezi minne nyuma. Dada hufanya kazi za nyumbani Shangani kwa mgeni mmoja mzee, ambaye paka wake mweupe alipatikana na kisukari. Wapo watakaocheka. Paka hupata kisukari, hasa walionenepa na wasiotoka nje, na dalili ni zile zile tunazozijua: maji mengi, mkojo mwingi, kula huku anakonda. Mgeni aliporudi kwao hakuweza kumchukua. Dada hakuweza kumtupa. Akamleta Michenzani pamoja na chupa ya insulini ya wanyama, yuniti 40 kwa mili, pakiti za mabomba mekundu, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: alama 2 asubuhi, alama 2 jioni. Tazama neno lililotumika. Alama.

Mabomba mekundu yalipoanza kupungua, dada alikuja kwangu. Nakumbuka ilikuwa siku ya watu wengi. Akauliza kama nina mabomba ya sukari ya paka. Nikamwonyesha ya chungwa, nikasema: "Ni haya haya."

Sikuuliza dawa ya paka ina nguvu gani. Kusema kweli sikuwa nimewahi kuishika insulini ya wanyama, na nilidhani, kama alivyodhani yeye, kwamba tofauti ya paka na mtu ni udogo wa dozi. Akanunua. Akaanza kumchoma Pamba kwa mabomba ya chungwa, na mekundu kama kumi yaliyobaki akayaweka kabatini kama akiba, "ya kizungu, yasiharibike". Kwa maneno yangu matatu alikuwa amejifunza kwamba mabomba haya mawili ni kitu kimoja. Usiku wa sikukuu pili alilitumia somo nililompa.

Na Pamba? Wakati tunapiga hesabu ya mama nikageuza hesabu upande wake. Alama ya 2 kwenye bomba la chungwa ni mili 0.02. Dawa yake ni ya 40, kwa hiyo ndani zimo yuniti 0.8. Kwa wiki tatu paka alikuwa akipata chini ya nusu ya dozi. Nikamuuliza dada anaendeleaje. "Amerudia kunywa maji ya ndoo," akasema. "Mchanga wake nabadilisha mara tatu kwa siku. Nilidhani uzee." Kosa moja limempandishia sukari paka na likamshushia bibi, ndani ya chumba kimoja.

Wasomaji watakaoona kisa hiki ni cha ajabu, cha paka na wageni, niwaambie nilikoliona tatizo lenyewe kabla ya hapo bila ya kulitambua. Wagonjwa wetu wengi huenda India kutibiwa. Kule chupa za insulini za yuniti 40 kwa mili bado zinauzwa sana, na mabomba yake mekundu pia. Mtu anarudi na mzigo wa miezi mitatu. Dawa inaisha kabla ya mabomba, au mabomba kabla ya dawa, anakuja kununua kilichopungua kwangu, ambapo kila kitu ni cha 100. Nimewauzia watu hao. Sijui niliwauliza nini, ila najua sikuuliza hili. Sasa anayenunua bomba la insulini kwangu haondoki mpaka nione chupa au picha ya chupa kwenye simu, na ninachosoma ni mstari mmoja tu: yuniti ngapi kwa mili. Rangi ya kifuniko inasaidia, kwani chungwa ni desturi ya 100 na nyekundu ya 40, lakini kifuniko hutupwa na bomba likabaki uchi mkononi. Maandishi ya ubavuni ndiyo ya kusomwa.

Turudi kaunta. Jambo la kwanza lilikuwa Bi Mkubwa, na nilimpigia simu daktari anayemwangalia palepale, dada akisikia. Akaagiza dozi ya zamani irudi kwa bomba sahihi, apimwe kabla ya kulala na saa tisa za usiku kwa siku tatu. Kikaratasi cha figo sikukichana. Kipimo kilikuwa kimechelewa kwa hali yoyote.

Mabomba ya chungwa yenyewe hayakuwa yote sawa, nikalazimika kuchagua. Ya mili moja yanachukua yuniti 100 na kila mstari unahesabiwa 2. Ya nusu mili yanachukua 50, kila mstari ni 1. Yapo pia ya mili 0.3, ya yuniti 30, mengine yana mistari ya nusu yuniti. Mtu wa 24 na 16 nilikuwa nikimuuzia ya mili moja kwa sababu ndiyo niliyonayo kwa wingi, na yeye alikuwa akisoma mistari miembamba iliyosongana kwenye taa ya umeme hafifu. Nikambadilishia ya nusu mili. Mistari imeachana, 16 inaonekana kama 16. Sindano ni ya milimita 8. Zipo za milimita 6, na kwa mwili mwembamba wa Bi Mkubwa ningelipenda hizo. Nilizokuwa nazo ni 8, hivyo akunje ngozi kama alivyozoea.

Akaniuliza, kwa aibu, kama ni vibaya kutumia bomba moja mara mbili. Najua bei, najua na mishahara. Nikamwambia ukweli wangu: limetengenezwa kwa mara moja, ncha yake hupinda kwa mchomo wa kwanza tu, na kuisugua kwa spiriti kunaondoa mafuta ya kiwandani yanayoifanya iteleze. Ningelipenda atumie mara moja. Ambacho hakina mjadala ni mtu mwengine au mnyama. Sio homa ya ini na ukimwi peke yake. Midomo na kucha za paka zina bakteria zao, na bomba lililomchoma likirudi ndani ya chupa ya mama litaitia uchafu dawa nzima.

Yaliyotumika alikuwa akiyatia kwenye mfuko wa takataka. Hilo nililipitia kwa haraka kwa sababu alilielewa haraka: dumu gumu la mafuta ya kupikia lenye kifuniko cha kuzungusha, bomba linaingia pamoja na sindano yake bila ya kurudishiwa kifuniko kwa mikono miwili, likifika robo tatu linafungwa na kuletwa kwangu niliunganishe na ya kituo cha afya. Pale jaani chini ya maghorofa wanacheza watoto.

Pamba tulimpeleka kwa daktari wa mifugo keshoye, na hapo ndipo palipokuwa na mabishano. Chupa ya mgeni ilikuwa inakwisha, na mabomba mekundu hapa mjini hayapatikani. Nilipoisoma karatasi ya ndani nikaona pia kwamba dawa ile imetokana na nguruwe. Nilinyamaza dakika moja, kisha nikamwambia dada, kwani ni haki yake kujua. Akasema "la haula", kisha akasema paka hana dhambi. (Watu wazima watakumbuka, au hawakuambiwa, kwamba kabla ya insulini ya maabara kuruhusiwa mwaka 1982 na binadamu walikuwa wakitumia ya ng'ombe na ya nguruwe.)

Daktari wa mifugo alipendekeza Pamba ahamishiwe insulini ya watu, glajini ya yuniti 100 kwa mili, inayotumika sana kwa paka, aanze na yuniti 1 kila baada ya saa 12 kwa bomba la mili 0.3. Hoja yake ilikuwa nzuri: nyumba nzima itakuwa na rula moja. Mabomba mekundu yatupwe yote, leo.

Mimi nikapinga, si kuhusu mabomba bali chupa. Jana makosa yalikuwa ya bomba. Kesho, ikiwa mabomba ni ya namna moja na chupa zote zimeandikwa 100, kosa litakalobaki ni la kushika chupa isiyo yake, na paka akipewa 16 hatufiki asubuhi. Pia kuna uharibifu. Chupa ya mili 10 ina yuniti 1,000, Pamba atatumia 2 kwa siku, na maelekezo ya chupa iliyofunguliwa ni siku 28. Ni 56 kati ya 1,000. Akanijibu kwamba kwa paka, ikikaa kwenye friji na ikiangaliwa, wao huitumia zaidi ya hapo. Hilo nikamwachia, ni fani yake. Nililokataa kabisa ni wazo la dada la kununua kalamu ya insulini na kuvuta humo kwa bomba ili kuokoa fedha. Zipo kalamu za 200 na za 300 kwa mili, na bomba la chungwa halizijui.

Mwisho tulikubaliana kwa glajini, kwa masharti. Chupa ya paka inakaa kwenye mlango wa friji, ndani ya kikopo cha kashata kilichofungwa kwa utepe mwekundu. Ya mama iko rafu ya juu. Mama anachomwa ukumbini, Pamba anachomwa jikoni, na vitu viwili haviko mezani wakati mmoja. Kwenye kadi ya mama tuliandika upya "yuniti 16" kwa neno zima, kwa sababu kadi ya zamani ilikuwa na herufi U iliyofungwa juu, na usiku inasomeka kama sifuri: 160. Pamba akilegea au akiyumba, asali kidogo inapakwa kwenye ufizi wake na daktari wa mifugo anapigiwa simu.

Bomba moja jekundu sikulitupa. Nimelitia kwenye mkebe wa kioo kaunta, bila ya sindano, karibu na la chungwa, yote yamevutwa mpaka 16.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwamkia Bi Mkubwa. Nilikuwa bado na wasiwasi na chupa zile mbili, nikaanza kumkumbusha: ikiwa binti hayupo na mjukuu ndiye atakayevuta, atatambua vipi?

"Marahaba, mwanangu, kaa kwanza," akasema. "Mimi macho sina lakini nimeuliza. Yangu ukiizungusha inakuwa nyeupe kama maziwa. Ya Pamba ni maji matupu. Nimewafundisha wajukuu hivyo."

Ni kweli. Ile ya mchanganyiko ni nyeupe na glajini ni angavu, na mimi na daktari wa mifugo tuliobishana nusu saa hakuna aliyelitaja.

"Ila wanasema nimepanga kinyume," akaendelea, akimtafuta paka kwa mkono chini ya kiti. "Anayependa maziwa ni huyu."